Hatua Ishirini Hadi Kisimani

Mjomba wangu Nzai wa Thoya alichimba visima thelathini na vinne, kuanzia Junda hadi Utange, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na maji ya chumvi siku alipokikabidhi kwa wenyewe. Naanza na hilo kwa sababu yapo maandishi ya serikali yanayomsema vingine. Maandishi hayo nimeyashika kwa mikono yangu, nikayasoma mwanzo hadi mwisho, na mpaka leo nikiyakumbuka roho inanichafuka kama mtu aliyemeza nzi kwenye uji.

Mjomba hakujua kusoma. Alibatizwa ukubwani katika misheni ya Kisauni, akapewa jina la Ishaka, nalo hakulizoea hata kidogo. Pasta akiliita kanisani, yeye alikuwa akigeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Alikuwa mfupi wa mabega mapana, magoti yameota sugu kwa kusuguana na kuta za visima, mtu wa maneno machache na ukali mwingi. Kazi alifundishwa na baba yake, na ilikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja maisha yake yote: maji yakifika chini ya magoti, mtaimbo unapanda juu. Mwenye kisima aweza kulia, aweza kuapa kwamba ataongeza ujira, mjomba hachimbi tena.

"Maji matamu ya huku kwetu yamekaa juu ya maji ya bahari," alikuwa akisema. "Ni kama tui ukiliacha likatulia, zito likapanda juu. Ukichota taratibu utachota maisha yako yote. Ukitia pupa utayavuruga, na ukishayavuruga, basi tena."

Wala hakukabidhi kisima mpaka bamvua mbili zipite. Bamvua, kwa wasiokulia pwani, ni siku zile za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inapojaa mno na hori letu la Junda, ule mkono wa bahari, likafura hadi kwenye mizizi ya mikoko. Siku hizo mjomba aliamka alfajiri, hajala kitu, hajatia tumbaku mdomoni, akaenda kisimani, akachota kata moja, akayazungusha maji kinywani, akatema. Ulimi wake ukiona chumvi, alikifukia kisima chote kwa mikono yake na kuanza kwingine, bila kumdai mtu chochote. Niliwahi kumwona akifukia kisima cha wiki tano. Alikifukia akitukana, lakini alikifukia.

Wakati wa vita, mwaka wa arobaini na mbili, askari walipiga kambi upande wa Nyali, wakamwita awachimbie. Sajini mmoja akataka kisima kiende chini zaidi. Mjomba akapandisha mtaimbo wake, akajitwika, akaenda zake nyumbani. Wenyewe wakatia baruti. Mwezi haukwisha, maji ya kambi yakawa hata sabuni haitoi povu, na wapishi wa jeshi wakawa wanaleta lori Kisauni kuomba maji kwenye visima vya mtu waliyemwita mvivu. Habari hiyo ndiyo iliyomfikia Bwana Mawe.

Bwana Mawe ni jina tulilompa sisi. Alikuwa mzungu mwembamba wa idara inayopima miamba na maji yaliyo chini ya ardhi, na mimi nilikuwa karani wake na mkalimani wake, maana wamisheni walinisomesha, na Kiingereza changu hakikuwa na kigugumizi. Vidole vyake vilikuwa na madoa meusi yasiyotoka. Madoa hayo yalitokana na dawa aliyoibeba katika kichupa, dawa iliyotengenezwa kwa fedha. Ukitia matone mawili katika bilauri ya maji matamu, maji yanabaki safi kama yalivyo. Ukiyatia kwenye maji ya chumvi, bilauri nzima inageuka rangi ya maziwa.

Siku ya kwanza nilipompeleka kwa mjomba, alikuwa na chupa sita za maji kutoka sehemu sita, na alitaka kumjaribu. Mjomba alionja moja moja, akatema, akazipanga juu ya jamvi kutoka iliyo tamu hadi iliyo kali. Bwana Mawe akatia dawa yake katika kila moja. Ya kwanza haikugeuka, ya pili iligeuka kidogo, na kadhalika hadi ya sita iliyokuwa maziwa matupu. Mpangilio ulikuwa ule ule. Yule mzungu alikaa chini kwenye mchanga na suruali yake ya kazi, akacheka peke yake kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi, mjomba alimjazia chupa kutoka visima vyote vya Junda, na mimi nikaziandika tarehe.

Sasa nije kwenye uchafu wenyewe.

Baada ya vita alikuja mtu mmoja, ambaye kwa jina lake sitaichafua karatasi yangu, akajenga kiwanda cha soda ng'ambo ya mashamba ya Junda. Soda ni maji na sukari na hewa, na maji aliyapata kwa kuchimba shimo refu kuliko mnazi na kutia mashine ya kuyavuta usiku na mchana. Mashine hiyo ilianza kunguruma mwanzoni mwa mwaka wa arobaini na saba. Kufikia mwisho wa mwaka, chupa za Jumamosi kutoka kisima cha nyumbani kwa mjomba, kilichokuwa karibu zaidi na kiwanda, zilianza kugeuka kidogo kwenye dawa. Kufikia Machi zilikuwa maziwa. Visima vingine vilikuwa vinafuata, kimoja baada ya kingine, kwa mpango ambao Bwana Mawe aliuchora kwenye ramani kwa kalamu nyekundu.

Palikuwa na nyumba arobaini na kitu Junda, na kila moja ilikunywa kutoka visima vya mjomba. Bwana Mawe akasema dawa ni moja tu, nayo ni sheria: asiruhusiwe mtu kutia mashine ya kuvuta maji karibu na bahari kiasi hicho, wala kuchimba chini kiasi hicho, bila watu wa kupima kukubali. Sheria ikipita, mashine itazimwa na visima vitapona baada ya mvua mbili tatu. Isipopita, Junda itakunywa bahari.

Akaandika kwa wale wanaotunga sheria. Barua ya kwanza ilijibiwa baada ya miezi minne. Ya pili haikujibiwa. Tukapanda treni kwenda Nairobi, mimi nimebeba ramani begani kama mtu aliyebeba mkeka, tukakaa kwenye benchi kutwa nzima, tukaambiwa turudi siku nyingine. Siku hiyo nyingine tulipewa dakika kumi. Mjumbe mmoja, mtu mnene aliyekuwa akijisafisha kucha kwa njiti ya kiberiti, akauliza, "Hayo maji ya chini umeyaona kwa macho yako?"

"Sikuyaona. Nimeyapima," akasema Bwana Mawe.

"Una hakika yataharibika yote?"

Hapo ndipo Bwana Mawe alipoponzwa na ukweli wake. "Nina hakika kadiri vipimo vinavyoruhusu," akasema. Nilimwona karani wao akiandika. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nilisoma alichokiandika: shahidi hana hakika. Mtu anayepima maji kwa tone la dawa wamwite hana hakika, na mwenye kiwanda aliyesema maji ya Mungu hayaishi, huyo hawakumuuliza kapima wapi.

Hatimaye wakakubali kuja wenyewe kuona, wajumbe watatu. Usidhani ni huruma. Ilikuwa Agosti ya mwaka wa arobaini na tisa, Nairobi kuna baridi, na wake zao walitaka kuoga baharini. Junda iliwekwa kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, nusu saa.

Bwana Mawe hakulala kwa kupanga. Alijua watu wale hawasomi ramani. Akasema, tuwape maji wayaonje. Hakuna mjumbe duniani atakayekunywa yale maji kisha aseme ni matamu, na kama atakunja uso tu, mbele ya wenzake, sheria imepita. Kisha yeye mwenyewe atatia dawa mbele ya macho yao. Mjomba akaambiwa aweke mtungi mmoja wa maji ya kisima cha nyumbani kwake, penye kivuli, karibu na viti. Mjomba akamwambia mkewe, "Kafedha, Alhamisi wanakuja wageni wakubwa wa serikali, watakunywa maji ya hapa. Weka mtungi." Kisha akaenda kuazima viti kanisani.

Mama Kafedha, mke wa mjomba, ndiye aliyenilea nilipofiwa na mama. Katika nyumba yake mgeni hajaketi sawasawa kabla ya kushikishwa kata ya maji, na maji hayo yakiwa mabaya basi nyumba ni mbaya, mwenye nyumba ni mbaya, na mke ndiye mbaya kuliko wote. Tangu kisima kiharibike, yeye na jirani yake Jumwa walikuwa na mtungi wa pembeni wa maji ya Utange kwa ajili ya wageni. Wenyewe walikunywa yale ya chumvi, wakanyamaza. Sasa unamwambia mwanamke huyo kwamba serikali nzima inakuja kunywa maji nyumbani kwake. Alhamisi hiyo, kabla jogoo hawajawika mara ya pili, yeye na Jumwa walikuwa njiani kwenda Utange. Wakarudi jua limepanda, shingo zimekakamaa. Wakayamwaga yale maji ya chumvi yaliyokuwamo katika mtungi wa mjomba, wakausugua kwa majivu, wakaufukiza kwa ubani, wakajaza ya Utange. Hawakumwambia mtu. Kulikuwa na nini cha kusema? Kuandalia wageni si jambo la kutangaza.

Wajumbe walifika wamechelewa saa nzima, kwa sababu walianzia kiwandani. Kila mmoja alishuka garini na chupa ya soda mkononi, bado ina jasho la barafu. Mwenyekiti wao alikuwa yule yule wa njiti ya kiberiti. Wa pili alikuwa na kitambaa, na kila hatua mbili aliinama akafuta vumbi la Junda kwenye viatu vyake. Wa tatu aliketi kwenye kiti cha kanisa na kufumba macho, na sijui kama aliyafumbua zaidi ya mara mbili.

Bwana Mawe alieleza. Alieleza vizuri, kwa maneno mafupi, akiwaonyesha kiwanda kwa kidole na kisima kwa kidole. Watu wa Junda walikuwa wamesimama pembeni, wanaume wamevua kofia, wanawake wamejifunga kanga zao za Jumapili. Kisha akasema, "Waheshimiwa, nawaomba sasa muonje."

Mama Kafedha mwenyewe ndiye aliyechota. Alipiga goti mbele ya kila mmoja, akampa bilauri kwa mikono miwili.

Mwenyekiti alinusa, akaonja, akaonja tena. Akamtazama mwenzake. Yule wa viatu akanywa yote, akapangusa mdomo. "Mazuri haya," akasema. "Yana harufu nzuri." Hata aliyelala aliamshwa akanywa, akaomba nyingine.

Sijapata kumwona mtu akibadilika uso kama Bwana Mawe siku ile. Alichukua bilauri, akatia dawa yake, matone mawili, kisha matatu, kisha akakimimina kichupa karibu chote. Maji yalikaa vile vile. Mwenyekiti akacheka kwa pua. "Naona hata dawa yako imekubali kwamba ni matamu," akasema.

Mjomba akasogea mbele. Akaichukua bilauri ya yule aliyelala, akaonja kilichobaki, akatema. Haikupita hata nukta moja. Akageuka kumtazama mkewe, na mkewe akamtazama kwa uso wa mtu anayengojea kusifiwa.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo pamoja na mjomba. Akinyamaza, mkewe anabaki na heshima yake mbele ya Junda yote, na sheria inakufa. Akisema, anamvua nguo mkewe mbele ya wageni aliowapigia magoti. Aliiweka bilauri chini. Kisha akaniambia, "Tafsiri. Haya si maji ya kisima hiki. Haya ni maji ya Utange, kisima nilichochimba mwenyewe nyuma ya mikorosho. Mke wangu ameyaleta kwa heshima ya wageni. Maji yenyewe ni yale pale."

"Mjomba," nikasema kwa sauti ndogo.

"Tafsiri kama nilivyosema."

Nikatafsiri. Mama Kafedha hakujua Kiingereza, lakini Kiswahili cha mumewe alikisikia. Akaitia kanga yake mdomoni, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Unadhani watu wenye akili wangefanya nini? Mwanadamu amesimama akakiri jambo la aibu lisilomfaa yeye, ili mjue kweli; kisima kinaonekana, ni hatua ishirini kutoka kwenye viti, nimezipima baadaye kwa miguu yangu. Mtu mwenye haya angeinuka akaenda. Mwenyekiti alibaki pale pale, akalegeza mkanda wake.

"Kwa hiyo hapa maji hubadilishwa," akasema.

"Leo tu, mheshimiwa," nikasema bila kutumwa na mtu. "Ni desturi ya..."

"Na zile chupa za kila wiki, ambazo bwana huyu ametuletea hesabu zake, nani alikuwa akizijaza?"

Nikasema ni mjomba.

"Katika nyumba hii hii?"

"Katika nyumba hii hii."

Akawageukia wenzake na kutabasamu, tabasamu la mtu aliyepata sababu ya kuwahi chakula. Yule wa viatu akatoa kijitabu akaandika.

Bwana Mawe hakungoja. Alikimbia. Mzungu mzima alikimbia mbele ya watu hadi kisimani, akateremsha ndoo, akaivuta, akarudi anakimbia maji yanamwagikia suruali. Hatua ishirini kwenda na ishirini kurudi. Alipofika, wajumbe walikuwa wameshaingia garini. Akachota bilauri, akatia matone yaliyosalia kwenye kichupa, na pale pale bilauri ikawa maziwa. Akaiinua kwenye dirisha la gari.

Mwenyekiti aliitazama kama anayetazama kitu kilichokanyagwa barabarani. "Nitajuaje haya yametoka wapi?" akauliza. "Dakika kumi zilizopita ulinipa mengine."

"Shuka uone yakichotwa. Ni pale."

"Nimeshakunywa maji ya hapa, bwana. Nilikuwa na mtu wa kunielekeza, na mtu huyo ni wewe."

Mjomba naye akaja dirishani. Hakutafsiriwa, hakuhitaji. Alinyoosha mkono kuelekea kisimani, akaonyesha vidole, kumi, halafu kumi tena. Mwenyekiti akaangalia saa yake, akaangalia mchanga, akaangalia viatu vya mwenzake vilivyokwisha kufutwa. Kisha akanywa soda yake iliyobaki na kumwambia dereva aondoke. Chupa tupu aliitupa nje kabla hawajafika barabarani. Watu wale ndio wanaoandikiwa "Mheshimiwa" juu ya bahasha. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwaandikia, na mkono wangu haukukauka.

Nilitarajia mjomba amkemee mkewe. Hakumkemea. Alikaa kwenye kimoja cha viti vya kanisa, naye Mama Kafedha akaja akasimama mbele yake.

"Ningewapa yale?" akauliza. "Wageni? Uso wangu ningeuweka wapi?"

Mjomba alifikiri. "Hata mimi nisingewapa," akasema. "Nilisahau kukwambia wapewe yale ya chumvi, kwa sababu sijawahi kumpa mtu maji hayo."

Ripoti ilitoka Februari. Kufikia hapo Bwana Mawe alikuwa amehamishiwa kaskazini, kwenye jangwa, kuhesabu mawe ambayo hayana mtu wa kumgombanisha naye. Mashine ya kiwanda iliongezewa ya pili. Kiangazi kile majani ya migomba ya Junda yaliungua pembeni, visima vyote isipokuwa viwili vikaharibika, na wanawake wakawa wanakwenda Utange kila siku, si kwa ajili ya wageni tena. Vijana wa mjini waliokuja kusikia habari walimtania mjomba kwa kumwita mwenye ulimi. Hakuna aliyemwita tena amchimbie, kwa maana angechimba wapi? Nilipofika na ile karatasi nilimkuta kivulini, mtaimbo umesimamishwa ukutani, umeshika kutu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Soma."

Nikamsomea kwa Kiswahili. Ilikuwa fungu moja tu. Wajumbe walikwenda Junda wakaonja maji kwa vinywa vyao wenyewe, wakayaona matamu. Ilidhihirika kwamba mchimba visima Ishaka Nzai, aliyekuwa akijaza chupa za mpimaji, ana mazoea ya kubadilisha maji nyumbani kwake. Kwa hiyo vipimo vya mpimaji haviwezi kutegemewa, na hapana haja ya sheria.

Alinitaka nisome tena. Nikasoma tena.

"Chumvi imo?" akauliza.

"Chumvi imo vipi, mjomba?"

"Humo. Imeandikwa mahali?"

Nikatafuta, ingawa nilijua. "Haimo."

Akautazama mtaimbo wake. Nami nikaanza kuwatukana wale wajumbe. Niliwatukana kwa Kiswahili nikaongeza matusi ya Kigiriama, nikasema ni watu wachafu, watu wasio na haya, watu wa kutunga sheria juu ya maji ambayo hata kuyaonja hawakuyaonja. Nilisema mengi, na nilijisikia vizuri nikiyasema.

Mjomba alingoja nimalize. "Na wewe," akasema, "uliyaonja lini?"

Nilikuwa nimeandika tarehe kwenye chupa zaidi ya mia tatu za maji yale. Nilikuwa nimeyaeleza kwa lugha mbili, Junda na Nairobi, mbele ya wakubwa. Lakini kila nilipofika nyumbani kwa mjomba nilifika kama mgeni, karani kutoka mjini mwenye kola safi, na Mama Kafedha alikuwa akinipa ya Utange. Sikuwahi kuuliza yeye anakunywa yapi.

Mjomba aliinuka, akaenda kisimani, akachota. Mama Kafedha akatoka mlangoni mbio. "Baba, usimpe hayo! Huyu ametoka safari!"

"Mwache anywe," akasema mjomba, na akanipa kata mkononi.

Nikayatia kinywani. Nilikusudia kuyameza, kwa heshima yake, lakini koo lilikataa. Nikayatema mbele ya miguu yake, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Yeye alisimama pale pale akinitazama, mpaka nilipoweza kuinua uso.

"Haya," akasema. "Sasa tafsiri."